Njia Tisa za Kusema Kufukuzwa

Neno "kufukuza" lilipofungwa kwenye simu za Kolwezi, waliofaidi kwanza walikuwa panya. Mzee Mukalay alilijua hilo Ijumaa asubuhi kabla hata hajafika barabarani, kwa sababu jirani yake Mado alimzuia langoni, simu ameinyoosha mbele kama mtu aliyeshika kitu kinachonuka.

"Tata Mukalay, njo kazi yenu hii? Mi nauliza dawa ya kufukuza panya, Uliza inanijibu 'Samahani, hakuna kilichopatikana.' Panya hakuna Kolwezi? Kuya mu jiko yangu, utabasalimia!"

"Andika kuua panya, mama."

"Niliandika. Kuua nayo hakuna."

"Basi andika sumu."

"Tata na wewe! Nikiandika sumu, kesho polisi banafika kuniuliza nataka kumulisha nani."

Mukalay aliweka koti lake sawa akaondoka. Sababu aliijua wiki mbili sasa.

Uliza ilikuwa kampuni ndogo yenye ofisi ya vyumba vitatu katikati ya Kolwezi, mji wa machimbo wa Kongo. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: mtu anaandika swali kwenye simu, jibu linamrudia. Lori la Sandoa linaondoka lini. Mkunga gani yuko karibu. Mahindi ni bei gani leo. Kulikuwa pia na ukurasa wa matangazo, ambamo mtu aliandika kuwa amezaa, amefiwa au amepotelewa na mbuzi, na wengine wakautafuta kwa maneno yao. Ila meneja, bwana mmoja wa Lubumbashi aitwaye Stany, aligundua mapema kwamba mji hauandiki kama vitabu. Mashine ilijua "watu", mji ukaandika "batu". Mashine ilijua "vitu", mji ukaandika "bitu". Ndipo wakamtafuta Mukalay.

Walimpata mtu wa kazi hiyo. Mukalay alikuwa na miaka sabini na miwili. Ujanani alitoka kiwandani na vumbi masikioni, akanawa, akaenda shule ya jioni kwa mapadri, miaka sita bila kukosa. Nyumbani alikuwa na madaftari kumi na manne: kushoto jinsi mji unavyosema, kulia jinsi inavyopaswa kusemwa. Mtoto akisema "bitu" mbele yake, alisahihishwa. Padri akisema "mu kanisa", alisahihishwa pia, baada ya misa na kwa heshima zote. Siku Uliza ilipompa meza na kadi yenye picha yake, chini yake imeandikwa "Mshauri wa Lugha", aliona kwamba miaka ile sita imepata haki yake.

Kisha kilima kikaanguka.

Yalikuwa machimbo yaliyoitwa Namba Tano, mbali kidogo kupita Mutoshi, ambako wanaume walichimba kwa mikono na vyuma. Kilima kiliwashukia Alhamisi mchana. Jumamosi wakaja askari na malori, wakawakusanya wote waliobaki, wakawapakia na kwenda kuwamwaga mbali, ili machimbo yabaki matupu. Hakuna aliyeandika majina, ya waliofukiwa wala ya waliopakiwa. Kila nyumba ambayo mtu wake hakurudi ilibaki na swali moja: yuko chini ya udongo, au juu ya lori?

Jumatatu ikafika barua Uliza. Ilitoka juu, na mtu mwenye akili hakuuliza juu wapi. Swali lolote kuhusu kuanguka kwa kilima au kuhusu waliofukuzwa lijibiwe kwamba hakuna kilichopatikana. Stany akafunga maneno yaliyomo kwenye kamusi, kama kufukuza, kuanguka na kuua. Mji ukaendelea kuuliza kwa maneno yasiyomo kwenye kamusi, na majibu yakaendelea kutoka. Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

"Tata," Stany alimuuliza siku hiyo, "hapa batu banasema aje 'wafukuzwa'?"

Mukalay aliulizwa kama mwanafunzi anayeulizwa lile swali moja alilolisomea. Hakuuliza la nini. Aliandika wafukuzwa, bafukuzwa, batoshwa, barefulé, barefule bila alama, barefoulés kwa tahajia ya Kifaransa, akaendelea mpaka njia tisa, kwa mwandiko wake wa kulala kidogo upande wa kulia. Pembeni akaeleza kwamba neno hilo la Kifaransa mji uliliokota miaka ya tisini, watu walipofukuzwa kwa kabila lao na kujazwa kwenye mabehewa. Kwa neno kubomoka alitoa njia kumi na moja. Stany akasema, "We ni maktaba, tata." Mukalay akafurahi siku nzima, na kesho yake akaelewa alichofanya, na hakumwambia mtu.

Ijumaa hiyo, akitoka kwa Mado na panya wake, alimkuta binti yake Henriette amesimama mlangoni mwa ofisi. Mume wa Henriette, Kalumba, alikuwa mchimbaji wa Namba Tano.

"Tata, bamepanga. Ni kesho."

"Nani amepanga nini? Maliza sentensi."

"Mama Numbi na Louis. Basema wiki tatu zinaisha, mutu mwenye eko muzima angetuma neno. Kesho banaanza kilio. Bataninyoa nywele. Kilio kikiisha, Louis anaingia mu nyumba, mi nirudi kwako na batoto."

Numbi alikuwa mama yake Kalumba. Louis alikuwa kaka mkubwa wa Kalumba, mtu aliyeanza kuitazama nyumba ya mdogo wake tangu siku ilipowekwa mabati.

"Umeulizia—" Mukalay alianza.

"Kila siku nauliza. Nimeandika barefulé. Nimeandika Namba Tano. Nimeandika bitu yote. Hakuna kilichopatikana, hakuna kilichopatikana. Njo kitu Mama Numbi anashika sasa. Anasema Uliza inajua mpaka bei ya mahindi. Kalumba angekuwa muzima, ingemujua."

Mukalay alimwambia akangoje kwa Numbi, akaingia ofisini bila kuvua kofia.

"Stany, nifungulie matangazo. Yote, bila kuchuja."

"Bonjour kwanza, tata."

"Bonjour. Fungua."

Stany aliweka kikombe chini. "Siwezi. Barua unaijua."

"Barua naijua, na Kiswahili nakijua kuliko aliyeiandika. 'Hakuna' na 'hatukupi' ni maneno mawili. Mtu akibisha hodi ukamjibu 'baba hayupo', kumbe baba yuko chini ya kitanda, hapo hujanyamaza, umedanganya. Wekeni 'limezuiwa'. Neno moja tu! Watu watajua kuna kitu, watakitafuta kwa miguu yao."

"Hata ile neno barua inakataza. Mutu asijue kwamba kuna kitu ya kujua."

"Na ninyi mkakubali."

"Tungefanya nini? Mnara wa Kisenge, kwenye malori ilipeleka batu, banauzima toka Jumatatu, hakuna simu inaingia kule. Bakizima na wa hapa, mama mwenye uchungu atauliza mukunga kwa nani? Kolwezi inauliza mara elfu ishirini kwa siku, tata. Nifunge maswali elfu ishirini sababu ya maswali mia mbili?"

"Kwa hiyo mke wa aliyefukuzwa anyimwe mume, mwingine apate mkunga."

"Sikusema ni muzuri. Nimesema ni hesabu."

"Hesabu!" Mukalay alivua kofia sasa, kwa sababu kichwa kilikuwa kinawaka. "Mtu akitoa watu kwenye hesabu, huwa hajitoi mwenyewe."

Stany naye alichoka kuwa na adabu. "Na njia tisa zilitoka kwa nani? Sema. Zamani, mashine ilikuwa inakamata mutu mumoja mu batano. Toka tuliingiza karatasi yako, inakamata bote. Bale ba juu balitupongeza. Mi nilitaja jina yako kwao, nikifikiri utafurahi."

Mukalay alitafuta kiti akakaa.

"Mume wa binti yangu alikuwa Namba Tano," alisema. "Kesho wanamlilia. Sijui kama wanamlilia maiti au mtu mzima."

Stany alisimama akafunga mlango. Akabonyeza hapa na pale, akakigeuza kioo cha kompyuta upande wa mzee.

"Soma. Picha hapana. Kuchapisha hapana, karatasi yenye alama ya Uliza ikionekana nje, tunakufa bote. Mi naenda kunywa maji."

Yalikuwa matangazo arobaini na moja, yote yameandikwa Kisenge na vituo vya njiani kabla mnara haujazimwa. Watu walinyang'anywa simu, na namba zote zilikuwa ndani ya simu, maana siku hizi nani anakariri namba? Basi mtu aliazima simu ya msafirishaji fulani na kuandika kwenye Uliza, mahali pekee alipojua kila mtu atatafuta. La kumi na saba lilikuwa la Kalumba.

Mukalay alilisoma mara mbili. Lilikuwa katika Kiswahili kile cha Kalumba, cha kumpandishia mtu homa. Alikuwa hai, Kisenge, na mguu mmoja umevimba. Mzee aliupitisha mkono usoni, akatoa daftari. Stany alikataza picha na kuchapisha. Kalamu hakuitaja.

Alinakili tangazo la Kalumba haraka haraka. Alikusudia kuishia hapo, lakini jina lililofuata alilijua, na lililofuata hilo alimjua mama yake. Aliendelea. Alikuwa kwenye la ishirini na sita mlango ulipofunguka.

Stany alitazama daftari, akatazama dirisha.

"Mi sikuone kitu, tata." Akanyoosha mkono. "Lakini unirudishie kadi. Na jina lako la kuingilia mu mashine, nalifuta sasa hivi. Kesho usikuye."

Mukalay aliiweka kadi mezani, picha ikitazama juu, akatoka.

Kwa Numbi maandalizi yalikuwa yameanza. Mikeka ilikuwa imetandikwa uani, moto umewashwa, na wanawake wawili walikuwa wanachekecha unga wa bukari, ugali wa wageni. Numbi alikaa chini, miguu ameinyoosha, kitambaa cheusi mapajani tayari. Louis alikaa kwenye kiti. Henriette alikuwa amesimama karibu na mlango wa jiko kama mgeni.

"Mama Numbi, kunjeni mikeka," Mukalay alisema. "Mwanao yu hai. Nina maneno yake hapa."

Wanawake waliacha kuchekecha. Mzee alivaa miwani, akafungua daftari, akasoma kwa sauti aliyofundishwa kusomea:

"'Mimi ni Kalumba, mwana wa Numbi. Sijafa. Tulitolewa Namba Tano tukapakiwa malorini, na sasa niko Kisenge pamoja na wenzangu. Simu yangu imechukuliwa. Mguu wangu mmoja umevimba, lakini naweza kutembea. Mke wangu Henriette asiogope, na mama yangu asilie. Nitarejea njia itakapofunguliwa.'"

Numbi alikuwa ameshika kifua. "Soma tena."

Akasoma tena. Aliposema "itakapofunguliwa", mkono wa Numbi ulishuka kutoka kifuani.

"Tata Mukalay. Kalumba alijifunza wapi kusema vile?"

"Hata askofu hasemi vile," Louis alisema. "'Nitarejea!' Kalumba? Kalumba mwenye anasema 'nitarudiaka'?"

Mwanamke mmoja wa unga alicheka, akajiziba mdomo.

"Hii ni Kiswahili yako," Numbi alisema polepole. "Umeandika wewe. Sikukasirikie, unapigania mutoto wako, na mi ningepigania wangu. Lakini usiniletee maneno yako ukaniambia ni ya mwanangu. Mi nitalia mara mbili?"

Louis alikuwa ameshatoa simu. "Angalia. Naandika 'Kalumba Kisenge Namba Tano'." Akabonyeza, akamwonyesha kila mtu, mpaka watoto. "'Samahani, hakuna kilichopatikana.' Tuamini nani, mashine ao mukwe?"

"Mashine inadanganya! Nimeifundisha mimi mwenyewe kudanganya!"

"Aaa," Louis alisema. "Sasa inadanganya. Mwezi uliopita ulikuwa unatuambia inajua kila kitu."

Mukalay aliitazama karatasi. Aliona mwandiko wake mzuri, ukilala kidogo kulia. Aliona nukta mahali pake na herufi kubwa mahali pake. Hakukumbuka kuamua kusahihisha. Mkono wenyewe ulisahihisha, kama ulivyofanya miaka hamsini: macho yalisoma upande wa kushoto, kalamu ikaandika upande wa kulia. Alifungua ukurasa wa pili na wa tatu. Watu kumi, na wote, wa makabila ya Katanga na Kasai, walikuwa wanaongea kama yeye. Alitamani kuitupa kalamu ile kwenye moto wa bukari.

Na ofisini hakukuwa na kurudi.

"Tata," Henriette alisema kutoka mlangoni. "Sema vile aliandika. Usitengeneze."

"Ngoja nikumbuke."

"Usikumbuke. Sema."

Mzee alivua miwani akafumba macho, akajaribu kukiona kile kioo. Hakuwahi, mbele za watu, kufungua kinywa chake na kusema Kiswahili kibaya kwa makusudi. Sauti ilitoka nyembamba, si yake.

"'Mi Kalumba wa Numbi... Banatutosha ku Namba Tano. Banatupakia mu bacamion sawa mifuko ya bunga. Mi niko Kisenge. Muguu inavimba lakini... lakini inatembea.'"

"Kila mutu anasema vile," Louis alisema. "Hata mi ningeandika."

"Acha amalize," Numbi alisema.

"Kulikuwa na kitu kingine." Mukalay alikunja uso. "Mwanzoni, baada ya jina. Aliandika 'sikufe' badala ya 'sijafa'. Hilo nililisahihisha. Na baada yake kulikuwa na neno nikalitoa kwa sababu halina kazi. 'Sijafa' linajitosheleza, unaona, ukiongeza 'bado' inakuwa kama mtu anakingoja kifo, tena si adabu mbele ya Mungu—"

"Alisema aje?" Numbi alikuwa amepiga magoti.

"'Sikufe bado.' Hivyo hivyo. 'Mi Kalumba wa Numbi, sikufe bado.'"

Numbi alipiga ukelele mmoja mfupi, akajifunika uso kwa kile kitambaa cheusi. Mabega yalitikisika. Mukalay alidhani amemliza, mpaka aliposikia anacheka.

"Njo yeye! Njo yeye, muchawi ule! Toka udogo, ukimuuliza 'habari?', anajibu 'sikufe bado'. Nilimupiga juu ya ile neno. Nilimupiga na kijiko! Asubuhi, 'Kalumba, habari ya kulala?' 'Sikufe bado, mama.'"

Wanawake wa unga nao walikuwa wanacheka, wamemkumbuka.

"Henriette alimwambia babake," Louis alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mi?" Henriette alitoka mlangoni kwa mara ya kwanza. "Mi nimusimulie tata bichekesho ya bwana yangu? Na bukwe tunauweka wapi?"

Kila mtu uwanjani aliijua heshima hiyo ya ukwe. Mbele ya baba wa mkewe Kalumba alitazama chini, akasema "muzuri, tata", akanyamaza, kama inavyompasa mkwe. Miaka tisa Mukalay alimhesabu kuwa mtu asiye na neno. Mzaha wake hakuusikia hata mara moja, na asiyeusikia asingeweza kuutunga.

Numbi alisimama, akakunja mkeka aliokuwa amekalia, akampa Louis.

"Weka mu nyumba. Kisha jaza pikipiki yako mafuta. Unaenda Kisenge."

"Mi? Mama, ni siku mbili, na barabara ile—"

"Kulia kwa ndugu ulikuwa tayari, kumufuata hauko tayari? Beba chakula na dawa ya muguu. Usirudie peke yako." Akamgeukia Henriette, akamtazama kichwani, nywele zikiwa zote mahali pake. "Na wewe, kuya utuivishie hii bukari. Unga unaharibika."

Mukalay alikuwa anafunga daftari aondoke. Alitaka kuwa nyumbani kwake. Lakini mmoja wa wale wanawake wa unga alikuwa amemkaribia, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Ndugu yake, Mbombo, naye hakurudi kutoka Namba Tano.

"Tata, mu daftari ile, Mbombo eko?"

Alifungua. Mbombo alikuwepo, la ishirini na mbili. Mistari minne safi. Nyuma ya mwanamke yule, langoni, wengine walikuwa wanaingia, hata waliokuwa wanapita njiani na kusikia ukelele.

"Yuko."

"Soma. Lakini usinisomee ya kwako."

Mukalay aliitazama ile mistari minne, akajaribu kukumbuka ilivyokuwa kwenye kioo, akashindwa. Akasogeza kiti cha Louis, akakaa, akatoa kalamu, akafungua ukurasa mtupu.

"Kaa hapa karibu, mama," alisema. "Ndugu yako anasemaka aje?"